Karatasi 16 Ndani ya Boksi la Viatu

*Bi Mhasibu anajibu maswali ya wasomaji kuhusu fedha*

Bi Mhasibu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Voi. Nina miaka 52, na nikijaaliwa nitastaafu baada ya miaka minane. Tangu 2008 nimekuwa nikiweka akiba kila nilipopata nafasi. Kila ajenti aliyeingia stafrumu na fomu nilimsikiliza, na wengi niliwatilia sahihi. Leo nina mifuko minne ya soko la fedha, mfuko mmoja mchanganyiko, mfuko mmoja wa hisa, hisa za kampuni saba nilizonunua mwenyewe, bima ya elimu ya kitindamimba wangu, akaunti ya muda maalumu benki, na Sacco ya walimu. Stakabadhi zote ziko kwenye boksi la viatu vya Bata juu ya kabati. Juzi mume wangu aliniuliza, "Ukiondoka leo, mimi nianzie wapi?" Nikakosa jibu. Nataka kupunguza, lakini naogopa kutoa pesa mahali ambapo pengine zinafanya vizuri. Nimekutumia nakala za kila kitu. Nisaidie. — Mwalimu, Voi

Marahaba, Mwalimu. Bahasha yako ilifika Jumatatu, na karatasi zako zimelala mezani kwangu hapa Majengo kwa siku tatu. Nimezihesabu: ni 16. Kwanza nataka ujue kwamba ukijumlisha kila kitu umeweka zaidi ya milioni mbili kwa mshahara wa mwalimu, huku ukisomesha. Hayo si mambo madogo, na yote nitakayosema hapa chini ni ya kuilinda kazi hiyo.

Swali la mume wako limenigusa. Nilikuwa mhasibu wa Sacco miaka 27. Wajane na wagane walikuwa wakija dirishani kwangu na mfuko wa karatasi, na mara nyingi nilichoweza kuwaambia ni kwamba hii ni yetu, hizi nyingine sijui. Mama mmoja alizunguka karibu miaka miwili akitafuta pesa za marehemu mumewe, na kuna kampuni moja aliyoijua kwa sababu tu kalenda yake ilikuwa ukutani. Pesa zisizodaiwa kwa muda mrefu hapa Kenya hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na warithi wanaweza kuzifuata huko, lakini lazima wajue kwamba zipo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wewe daftari unalo; limetawanyika tu.

Nilichukua kaunta buku nikachora safu tano: jina la mahali, kiasi, kilichomo ndani, ada kwa mwaka, na kazi ya pesa hizo. Safu mbili za kwanza zilijaa kwa nusu saa. Ya tatu na ya nne ndizo zilizokula siku tatu.

Nianze na mifuko minne ya soko la fedha, ile tunayoiita mani maketi. Sitaitaja majina, nitaiita A, B, C na D. A ina Sh480,000, B Sh310,000, C Sh260,000 na D Sh150,000. Jumla ni Sh1,200,000. Umeniandikia pembeni mwa karatasi moja kwa kalamu nyekundu: "Nimegawanya ili nisiweke mayai yote kikapu kimoja." Nia ni njema. Lakini nilipozifungua karatasi za taarifa za mifuko hiyo na kuziweka bega kwa bega, niliona kitu kilekile mara nne: hawala za Hazina (mikopo tunayoipa serikali kwa muda usiozidi mwaka), hatifungani za serikali (mikopo ya miaka mingi), na amana katika benki, tena tatu kati ya benki hizo zimetajwa na mifuko yote minne. Vikapu ni vinne, lakini mayai yametoka banda moja. Serikali ikilipa riba ndogo, yote minne inashuka siku moja. Benki mojawapo ikiyumba, yote minne inaguswa.

Sasa ada. Kwenye taarifa yako ya mwezi, ile inayokuja kwa simu, ada haionekani kabisa. Unaona pesa ulizoweka, riba uliyopata, kodi iliyokatwa, salio. Ada ya usimamizi hukatwa kila siku ndani ya mfuko kabla riba haijatangazwa, kwa hiyo huwezi kuiona ikitoka. Ya A na C ipo kwenye karatasi ya taarifa ya mfuko, kwa herufi ndogo chini ya mchoro: asilimia 2 kwa mwaka. Ya D ni asilimia 1. Ya B sikuipata popote. Nilipiga simu, nikapitishwa kwa watu watatu, na wa nne ndiye aliyeniambia: asilimia 2.5. Nilimwomba aniandikie kwa barua pepe, akaniandikia. Nawe fanya hivyo kila unapoambiwa ada kwa mdomo.

Zidisha. A inakukata Sh9,600 kwa mwaka, B Sh7,750, C Sh5,200, D Sh1,500. Jumla Sh24,050 kila mwaka kwa kukushikia vitu vilevile. Kama Sh1,200,000 zote zingekuwa D, ungelipa Sh12,000.

Hapa najua utaniuliza, kwa sababu walimu wenzako wengi wameniuliza: "Bi Mhasibu, riba inayotangazwa tayari imeshatolewa ada. Kama B inatangaza riba kubwa kuliko D hata baada ya kukata ada yake, ada inanihusu nini?" Swali zuri. Jibu langu ni hili. Kama B na D zinanunua hawala zilezile kutoka Benki Kuu ileile, B inatoa wapi nyongeza ya kufidia ada yake kubwa na bado kumshinda D? Inaitoa kwa kukopesha mahali pa hatari zaidi: benki ndogo inayolipa riba ya juu, au hati za madeni za kampuni binafsi. Tulishaona mwisho wake. Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoshindwa, Oktoba 2015, muda mfupi tu baada ya kuuza hatifungani zake. Duka kubwa la Nakumatt lilipoanguka, waliokuwa wameshika hati zake za madeni walikwama, wakiwemo watu wa kawaida waliodhani wameweka akiba tu. Riba ya mwaka ujao hakuna anayeijua. Ada ya mwaka ujao inajulikana leo. Mimi hushika kinachojulikana.

Kuna jambo jingine linalofanya ada iume zaidi sasa. Katikati ya 2024, hawala za Hazina za siku 91 zililipa karibu asilimia 16. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa karibu asilimia 8. Ada haikushuka pamoja nazo, kwa sababu inahesabiwa juu ya pesa zako zote, si juu ya faida. Mfuko ukivuna 16 na kukata 2, umechukua sehemu moja ya nane ya mavuno yako. Ukivuna 8 na kukata 2 ileile, umechukua robo. Kisha serikali inakuja na kodi ya zuio ya asilimia 15 juu ya riba iliyobaki. Chukua mfuko unaovuna asilimia 11 kabla ya makato. Kwa ada ya 2 na kodi hiyo, Sh1,200,000 zako baada ya miaka minane zinafika kama Sh2,164,000. Kwa ada ya 1, zinafika kama Sh2,305,000. Tofauti ni Sh140,000 na ushee, na hukuongeza hatari yoyote wala hukuamka mapema hata siku moja kuitafuta.

Mfuko mchanganyiko una Sh220,000 na unakata asilimia 2.5, yaani Sh5,500 kwa mwaka. Nilisoma mali zake kumi kubwa. Hatifungani za serikali, hisa za Safaricom, za benki za Equity na KCB, za EABL ya bia, na mstari mmoja ulionifanya nivue miwani nikaisafisha: sehemu ya pesa za mfuko huo imewekwa kwenye mfuko wa soko la fedha wa kampuni hiyohiyo. Waulize kwa maandishi kama sehemu hiyo inakatwa ada mara mbili. Mfuko wa hisa una Sh90,000 na unakata asilimia 3, Sh2,700. Ndani yake kampuni nne za juu ni zilezile, Safaricom ikiwa ya kwanza. Na wewe Safaricom unazo zako mkononi tangu zilipouzwa kwa umma 2008 kwa Sh5 hisa moja. Kwa hiyo Safaricom unaimiliki kwa milango mitatu, na milango miwili inakutoza kiingilio kila mwaka.

Ukijumlisha yote, ada zako ni Sh32,250 kwa mwaka.

Niliwahi kulipia ujinga wa aina hii, ndiyo maana nalisema kwa uchungu. Mwanzoni mwa 2007, Nairobi nzima ilikuwa inazungumza hisa. Faharisi ya hisa 20, kipimo cha bei za hisa za kampuni 20 katika soko la Nairobi, ilikuwa imepita alama 6,000. Nilikuwa na Sh300,000 za marupurupu, nikaziweka kwenye mfuko mmoja wa hisa. Siku ya kwanza walikata asilimia 5 ya kuingilia: Sh15,000 zikaenda kabla pesa hazijafanya kazi hata saa moja. Sikuwa nimesoma ukurasa wa nne wa fomu. Kufikia mwanzo wa 2009 faharisi ilikuwa chini ya 3,000, na mfuko wangu ulishuka nayo. Kushuka kwa soko nililikubali, soko hupanda na kushuka. Kilichoniumiza ni kwamba mwaka wote ule wa hasara ada ya usimamizi iliendelea kukatwa kama kawaida, nami ndiye niliyetia sahihi.

Basi tufanyeje? Nenda kwenye safu yangu ya tano, kazi ya pesa. Kwa maneno yako mwenyewe kwenye maelezo uliyoambatanisha, pesa zako zina kazi tatu tu. Kuna dharura: umesema matumizi ya nyumba ni kama Sh50,000 kwa mwezi, kwa hiyo miezi sita ni Sh300,000. Kuna karo ya kitindamimba kwa miaka miwili iliyobaki chuoni, umekadiria Sh200,000. Na kuna uzee. Kila karatasi isiyo na kazi mojawapo ya hizi tatu iondoke.

Dharura na karo zikae mani maketi, na mani maketi iwe moja: D. Ada yake ni ya chini kuliko zote, nimeliona jina lake kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na ndani yake sehemu kubwa ni karatasi za serikali. Wapo watakaokuambia ubaki na miwili, kwamba meneja mmoja akianguka je? Ukiamua miwili sitagombana nawe. Lakini kumbuka pesa za mfuko hazikai mfukoni mwa meneja. Zinashikwa na benki mtunza mali, na mdhamini anamsimamia meneja. Hatari kubwa iko kwenye vitu vilivyonunuliwa, na hivyo tumeshavitazama.

Pesa za uzee ndizo nilizokaa nazo zaidi. Hujazigusa tangu 2008 na hutazigusa miaka minane. Hakuna sababu ya kumlipa mtu kila mwaka ili akununulie hatifungani za serikali ambazo unaweza kuzinunua mwenyewe. Tangu 2023 Benki Kuu ina DhowCSD, mfumo wake wa mtandaoni wa kununulia hawala na hatifungani kwa mnada. Unajisajili kwa simu au kompyuta, na hatifungani zinaanzia Sh50,000. Hakuna ada ya usimamizi. Riba inaingia akaunti yako ya benki kila baada ya miezi sita, ikiwa imekatwa kodi ya asilimia 15, au 10 ikiwa hatifungani ilitolewa kwa miaka kumi au zaidi. Benki Kuu mara nyingi huzifungua upya hatifungani za zamani, yaani huziuza tena, kwa hiyo tafuta iliyobakiza miaka minane au tisa, ili ikomae karibu na siku ya kuagwa kwako shuleni. Weka Sh900,000, lakini usiziweke kwa mnada mmoja. Gawa mara tatu, Sh300,000 kila baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu riba inabadilika na hakuna ajuaye lini ni juu lini ni chini.

Tahadhari ni mbili, nazo ni za kweli. Ukilazimika kuuza hatifungani kabla haijakomaa na riba sokoni zimepanda, utauza kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia. Ndiyo maana dharura tumeitenga kwanza. Ya pili, ile riba ya kila miezi sita haijirudishi yenyewe kama ya mani maketi. Ikiingia akaunti ya mshahara italiwa. Fungua akaunti pembeni, na ikifika Sh50,000 nyingine, nunua tena.

Mfuko mchanganyiko na mfuko wa hisa, funga yote miwili. Ukishakuwa na hatifungani zako na hisa zako, umeshajitengenezea mfuko mchanganyiko wako. Hisa za kampuni saba zipunguze ziwe tatu unazozielewa na zinazokulipa mgao. Gharama ya kuuza kwa wakala ni karibu asilimia 2, na kwa hisa zilizoorodheshwa sokoni hapa kwetu hakuna kodi ya faida ya mtaji, kwa hiyo kodi isikutishe. Zile za kampuni ya sukari ambazo haziuzwi tena, ziandike kwenye ukurasa wake na uziache; hakuna la kufanya. Nimeona pia una mawakala wawili. Omba hisa zote zihamishiwe kwa mmoja.

Bima ya elimu usiiguse. Imebakiza miaka miwili kukomaa. Bima hizi hukata sana miaka ya mwanzo, na ukizivunja katikati hurudishiwi ulichoweka. Lakini wewe makato ya mwanzo umeshayabeba, uliyobakiza ni sehemu inayolipa. Akaunti ya muda maalumu, iache ikomae Novemba kisha uihamishie D. Na Sacco, Mwalimu, usimsikilize yeyote anayekuambia ujitoe. Akiba yako ya Sh640,000 pale ndiyo inayokupa mkopo wa bei nafuu, na kuna wenzako uliowadhamini.

Utaratibu wa kuhamisha ndio watu wanaoukosea. Usitoe mifuko mitano wiki moja. Anza na B, ambayo ni ghali zaidi kati ya mani maketi. Toa kwanza Sh5,000 za kujaribu. Zikiingia akaunti yako ya benki bila tatizo, toa zilizobaki. Nasema hivyo kwa sababu kwenye karatasi za C jina lako limeandikwa tofauti na kitambulisho, na namba ya simu ni ile uliyoniambia uliipoteza 2016. Rekebisha hayo kabla ya kuomba kutoa chochote, la sivyo utapigwa danadana. Tumia benki, si simu, maana M-Pesa inakomea Sh250,000 kwa muamala mmoja. Kabla ya kufunga mfuko mchanganyiko, uliza kama kuna ada ya kutoka. Ikiwepo, ilinganishe na Sh5,500 unazokatwa kila mwaka, na utajua mara moja kama inafaa kungoja.

Ukimaliza, mifuko sita itakuwa mmoja. Sh610,000 zitakuwa D, na ada yake Sh6,100 kwa mwaka. Ulikuwa unalipa Sh32,250.

Kisha kaa na mume wako jioni moja, mkiwa na kalamu. Andikeni kwenye ukurasa mmoja: D, namba ya akaunti, Benki Kuu, namba ya akaunti, wakala wa hisa, Sacco, bima, pensheni yako ya utumishi wa umma. Kila mahali hapo hakikisheni jina la mrithi limejazwa. Kwenye karatasi zako, sehemu tano zina nafasi tupu, na moja ina jina la marehemu mama yako. Nakala zako nitakurudishia kwa posta Ijumaa hii, pamoja na kurasa mbili za kaunta buku.

Bi Mhasibu, mimi ni muuguzi Doha, kwetu ni Kilifi, na nataka kurudi huko nikifika miaka 45. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mshauri mmoja alinishawishi nijiunge na mpango wa akiba wa miaka 25. Nalipa dola 400 kila mwezi. Nimeshalipa miezi 54, yaani dola 21,600. Nilipoomba kujitoa nimeambiwa nitapewa dola 13,900. Nifunge macho niendelee, au nitoke na hasara? — Muuguzi, Doha

Pole sana, mwanangu. Nimepokea barua za namna hii kutoka Doha, Dubai na Muscat, na mipango yenyewe inafanana kama mapacha. Miezi 18 hivi ya mwanzo, michango yako huwekwa kwenye fungu la pekee. Fungu hilo hukatwa ada ya ziada kila mwaka hadi mwisho wa mkataba, na ndiyo inayolipia kamisheni aliyopewa mshauri siku ulipotia sahihi. Juu yake kuna ada ya mpango, na ndani ya mpango kuna mifuko ambayo kila mmoja una ada yake. Mtu anaweza kujikuta akilipa asilimia 4 kwa mwaka bila kuona neno "nne" mahali popote.

Maji yakimwagika hayazoleki. Dola 7,700 zilizopotea zisiwe kwenye hesabu yako ya kuamua. Zimekwenda ukibaki na zimekwenda ukitoka. Hesabu ni ya mbele. Waandikie barua pepe leo na maswali matatu: Nikiacha kuchangia sasa bila kujitoa, nitakatwa nini kila mwaka? Ada zote kwa pamoja, za mpango na za mifuko, ni asilimia ngapi ya salio langu? Kiasi cha kujitoa kitakuwa dola ngapi mwaka hadi mwaka kwa miaka mitano ijayo? Wakikujibu kwa simu, waambie unangoja maandishi.

Kwa ninavyoiona barua yako, hatua ya kwanza haina shaka: kwa kuwa umeshavuka ile miezi ya mwanzo, acha kuongeza dola 400. Kila dola mpya inaingia kwenye nyumba ileile inayovuja. Yaliyomo ndani uyaamue ukishapata majibu. Mara nyingi, ikiwa ada zote zinazidi asilimia 3 na mkataba umebakiza miaka 20, kutoka na hasara leo ni nafuu kuliko kuibeba miaka 20. Lakini fanya hesabu ya kwako, usifuate ya jirani.

Dola 400 za kila mwezi ziende wapi? Umesema unataka kurudi Kilifi ukifika miaka 45. Sehemu weka kwa shilingi. Mkenya aliye nje anaweza kununua hatifungani kupitia DhowCSD akiwa na akaunti ya benki ya Kenya. Lakini zisiwe zote, kwa sababu shilingi yetu ina tabia zake. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160, na katikati ya mwaka huohuo ikawa karibu Sh130. Sehemu nyingine ibaki dola, kwenye mfuko wa faharisi wa dunia nzima. Huu ni mfuko ambao hauna meneja wa kubahatisha hisa ipi itapanda. Unanunua kampuni zote zilizo kwenye orodha, basi. Aliyeufanya mfuko wa aina hii upatikane kwa watu wa kawaida Marekani mwaka 1976 ni John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, na hoja yake ilikuwa hii ninayokuambia: usichomlipa meneja kinabaki chako. Leo ipo mifuko ya dunia nzima inayokata chini ya asilimia 0.3 kwa mwaka. Linganisha na 4.

Na mshauri yule akikupigia kukuambia ana mpango mwingine mzuri zaidi wa kuhamishia salio lako, usitie sahihi. Uhamisho huo una kamisheni yake.

Je, wewe unazungumza mani maketi na hatifungani tu. Sisi tunaojiepusha na riba tufanye nini? — Baba wa watoto watatu, Lamu

Una haki ya kuuliza, na nimechelewa kuliandikia. Kenya ipo mifuko yenye leseni inayofuata sharia ya Kiislamu, yenye bodi ya masheikh inayokagua kilichonunuliwa, na hisa za kampuni halali unaweza kuzishika mwenyewe bila mfuko wowote. Uhalali wa mfuko muulize mwanachuoni unayemwamini. Ada yake niulize mimi: nitumie karatasi ya taarifa ya mfuko unaoufikiria, ukurasa wote, pamoja na zile herufi ndogo za chini.